Choma CD Bila Kuchoma Picha: Programu za Bure Ambazo Msee wa Laptopu Endebess Anafaa Kuwa Nazo

Kama uko Endebess, Kitale, Kimilili ama Chwele na kuna laptopu kwa keja yako, jua kuna siku utaitwa. Kwaya itataka albamu yao iwe kwa CD kabla ya Jumapili. Familia itataka video ya mazishi ya mzee iwe kwa DVD ndio kila mtoto abebe yake akirudi Nairobi. Jirani ako na kesi ya shamba, wakili amemwambia alete rekodi kwa diski. Na juu wewe ndio mtaa mzima unakujua kama mtu wa kompyuta, utaletewa CD tupu hamsini kwa karatasi na uambiwe, "Tuchomee hizi, tutapitia jioni."

Hapo ndio wasee wengi huchoma picha badala ya kuchoma CD. Diski inatoka, inang'aa poa, lakini ikifika kwa deki inasema haisomi. Ama inaimba nyimbo tatu halafu inaanza kukwama. Na mara nyingi shida si CD za bei rahisi peke yake. Shida ni programu uliyotumia na venye uliitumia.

Good news ni kwamba programu nzuri za hii kazi ziko, na ni za bure kabisa. Huhitaji kununua kitu, na huhitaji kuiba kitu. Twende pole pole.

Kwani watu bado wanatumia CD?

Najua kuna mjuaji ashaanza kusema, "Buda, hii ni enzi ya simu." Ni ukweli, mjini watu walihamia YouTube na flashi kitambo. Lakini panda mat kutoka Kitale uende juu Endebess, upite hadi kando ya Suam ama upande wa mashamba ya ADC, uingie kwa nyumba za watu. Deki bado iko chini ya TV, imefunikwa kitambaa cha mkono. Ile ile deki watu waliangalilia movie za DJ Afro. Shosho hataki kujua mambo ya bando. Anataka kuweka diski, abonyeze mara moja, aone harusi ya mjukuu wake.

Halafu flashi nayo iko na tabia zake. Inaazimwa na hairudi. Ikirudi, kuna mtu amefuta video ya mazishi aweke movie. Ama imerudi na vairasi. CD-R ikishachomwa na kufungwa, imeenda. Hakuna mtoto ataifuta kwa bahati mbaya. Na kwaya ikitoka kanisani inaeza uza CD yenye picha yao kwa kava. Kuuza flashi kwa bei ya CD, hapo utalia.

Ofisini pia diski bado zinaishi. Ukifanyiwa skani ya CT ama MRI, hospitali nyingi hukupa picha kwa CD. Vyuo vikuu vingi vimekua vikiitisha tasnifu kwa CD pamoja na ile ya karatasi. Na kortini, kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka ushahidi wa kielektroniki uje na cheti kinachoeleza venye ulitolewa, na mara nyingi rekodi yenyewe huletwa ikiwa kwa diski. Sasa fikiria ile diski ikatae kufunguka mbele ya hakimu.

Kwa hivyo hii si stori ya kuchekesha. Piga hesabu kidogo. Tuseme CD tupu umenunua bob 30 na kwaya inataka mia moja. Zikigoma ishirini, soo sita imeenda. Ongeza nauli ya kurudi Kitale kutafuta zingine, ongeza siku nzima, na ongeza aibu ya mwalimu wa kwaya akikuangalia bila kusema kitu. Hiyo ya mwisho ndio mbaya.

Jambo la kwanza: unachoma nini?

Kabla ya kuuliza programu gani ni kali, jiulize diski itachezwa wapi. Kuna aina tatu za kuchoma, na ukichanganya hapa, hata programu ya elfu kumi haitakuokoa.

Ya kwanza ni diski ya data. Hapa unaweka faili jinsi zilivyo: picha, PDF, MP3, chochote. CD ya kawaida inabeba MB 700. Ukiweka MP3 za kawaida za 128 kbps, dakika moja inakula karibu MB moja, kwa hivyo nyimbo zaidi ya 150 zinaingia kwa CD moja. Tamu sana. Lakini itacheza tu kwa kompyuta, na kwa deki ama redio inayojua kusoma MP3.

Ya pili ni CD ya muziki, ile tunaita audio. Hii inafuata mpango uleule Philips na Sony walikuja nao, ambao CD za kwanza ziliingia sokoni nao mwaka wa 1982. Haihesabu MB, inahesabu dakika. CD moja ni dakika 80, basi. Nyimbo za dakika nne na nusu zitaingia kama 17. Uzuri ni kwamba inacheza kila mahali: redio kuukuu ya gari, redio ya shosho, deki ya kila kampuni. Kama kwaya inauza kwa waumini wa kila rika, wachomee hii.

Ya tatu ni DVD ya video. Wasee wengi huanguka hapa. Unachukua faili ya MP4 ya harusi, unaitupa kwa DVD, unaenda nayo ushago. Kwa laptopu inacheza fiti, kwa deki hakuna kitu. Deki ya zamani haijui MP4. Inataka folda inaitwa VIDEO_TS, na ndani yake video imegeuzwa kuwa MPEG-2. Kwa hivyo kuna kazi mbili: kugeuza kwanza, halafu kuchoma. Kuna programu za kugeuza na kuna za kuchoma, na chache zinafanya zote mbili.

Weka hayo matatu kwa kichwa. Mteja akikuja, swali lako la kwanza si "ngapi?" Swali ni "mtachezea wapi?"

Cheki mashine na diski zako

Laptopu mpya nyingi hazina mahali pa kuingiza CD. Zile za ex-UK ndio mara nyingi bado ziko nayo. Kama yako haina, kuna draivu ya nje inaingia kwa USB. Lakini angalia maandishi usoni pa draivu. Kama inasema DVD-ROM peke yake, hiyo inasoma tu. Kuna zingine za zamani zinachoma CD lakini DVD zinasoma tu. Unataka ile imeandikwa DVD±RW ama DVD Multi Recorder.

Kwa diski, DVD za aina mbili ziko: DVD-R na DVD+R. Draivu nyingi za kompyuta zinakubali zote, lakini deki kuukuu nyingi zinapenda DVD-R. Kama hujui deki ya mteja, nunua ile ya kistari cha kutoa na ulale usingizi. Zile za RW, ambazo unaeza kufuta na kuandika tena, ziko poa kwa kujaribu, lakini zinarudisha mwangaza kidogo kuliko za kawaida, na deki nyingi za zamani huzikataa.

Kitu kingine kimechanganya watu sana: DVD imeandikwa GB 4.7, lakini Windows inaihesabu kama GB 4.37 hivi. Si wizi. Kampuni inahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Kwa hivyo faili ambayo Windows inasema ni GB 4.5 haitaingia. Usishinde ukilaumu mhindi wa duka.

Sasa programu zenyewe

Windows yenyewe. Ndio, usicheke. Kuanzia Windows 7 kuendelea, ukiingiza CD tupu, Windows inakuuliza unataka kuitumia kama flashi ama kwa kicheza CD na DVD. Kama diski inaenda kwa mtu mwingine, chagua ile ya pili. Ile ya kwanza inakuwezesha kuongeza na kufuta faili, lakini mashine zingine nyingi hazitaisoma. Kwa muziki, Windows Media Player ile ya zamani inachoma CD ya audio bila matata. Kama unachoma diski mbili tatu kwa mwaka, huhitaji kingine. Lakini Windows haikupi nguvu nyingi: haitakutengenezea DVD ya deki. Windows 7 ilikua na Windows DVD Maker kwa matoleo kadhaa, lakini kufika Windows 8 ikaondolewa.

CDBurnerXP. Kama ungeniambia nichague moja tu kwa msee anayechomea kwaya, ni hii. Jina linasema XP lakini inafanya kazi hadi Windows 10. Inachoma data, audio, na faili za ISO. Kwa audio, inakuruhusu kuchagua kama kutakua na kimya katikati ya nyimbo ama la. Hiyo ni muhimu sana kama ulirekodi live, tuseme mkesha ama mzee anapiga litungu akipita kutoka wimbo mmoja hadi mwingine. Ukiacha ile nafasi ya sekunde mbili, makofi yanakatika kama stima imepotea. Na cha maana zaidi: wenyewe wamesema hata kampuni zinaeza itumia bure. Kumbuka hiyo, nitarudi hapo.

ImgBurn. Hii ni ya wazee wa kazi. Sura yake haipendezi, iko na vitufe vingi, lakini ni moto. Toleo la mwisho, 2.5.8.0, lilitoka 2013 na mpaka leo watu hawaiachi. Inachukua folda ya VIDEO_TS na kuichoma sawasawa kwa deki, na inacheki diski baada ya kuchoma. Pia inatengeneza nakala ya diski nzima iwe faili moja, kwa hivyo ukishapata DVD moja safi, unaigeuza ISO na kuchoma zingine 49 zikifanana. Tahadhari moja: wakati wa kuiweka, imewahi kujulikana kuja na programu za matangazo za kando. Soma kila ukurasa, toa tiki kwa chochote hukuitisha. Usibonyeze Next kama mtu anakimbizwa na kanjo.

BurnAware Free. Iko na sura safi, rahisi kuelewa, na wenyewe wamekua wakiitunza kwa matoleo mapya. Data, audio, DVD, yote inafanya. Lakini toleo la bure ni la matumizi ya nyumbani, si la biashara. Na baadhi ya vitu vinatolewa tu kwa toleo la kulipia.

InfraRecorder. Ndogo, nyepesi, na ni ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Haijapata toleo jipya tangu 2012, lakini kwa laptopu iliyozeeka yenye RAM ya kubahatisha, bado inasukuma.

DVDStyler. Hii ndio ya kugeuza. Unaweka MP4 ya harusi, unatengeneza menyu yenye picha ya maharusi na vitufe vya "Kanisani", "Ukumbini", "Zawadi", halafu inageuza kila kitu kuwa DVD ya deki. Ni ya chanzo huria pia, na iko kwa Windows, Mac na Linux. Ukiitumia, kumbuka kuchagua PAL, juu ndio mfumo wa TV tulizozoea Kenya. Ukiacha NTSC, kuna TV za zamani zitaonyesha bibi harusi akiwa rangi nyeusi na nyeupe kama picha ya enzi za ukoloni. DVD Flick inafanya kazi inayofanana kwa Windows, ikiwa na mambo machache zaidi.

Kama uko Linux, usitoke nje kutafuta. K3b, Brasero na Xfburn ziko kwa ghala la programu la mfumo wako, bure, bila matangazo. K3b ndio yenye vitu vingi. Na wa Mac, Finder yenyewe inachoma diski za data, ukiwa na draivu ya nje.

Na ile Nero ya "crack" kwa flashi ya beshte?

Hapa tuongee kama watu wazima. Nero Burning ROM ni programu ya Wajerumani, na jina lake ni mchezo wa maneno: Nero ni yule mfalme wa Roma ambaye jiji liliungua akiwa madarakani, mwaka wa 64. Ni programu nzuri, lakini ni ya kulipia. Kwa hivyo mitaani imezunguka miaka mingi ikiwa na "crack", ile faili ndogo ya kuvunja kufuli.

Jiulize: mtu amekaa chini, amevunja kufuli ya kampuni, halafu anakupa bure. Anapata nini? Mara nyingi ile faili ya crack ndio inabeba vairasi. Na maelezo yake huanza kwa kukwambia uzime antivairasi kwanza. Msee, mtu akikwambia umfunge mbwa ndio aingie kwa boma usiku, utakubali?

Laptopu yako sio ya kuchoma CD tu. Ndani kuna harusi za watu ambazo hazijaeditiwa. Kuna mazishi. Kuna picha za watoto za graduation. Kuna vairasi zinazofunga faili zote halafu zinaitisha pesa ndio zifunguliwe. Ukipoteza video ya mazishi ya mama ya mtu, hakuna pesa ya kurudisha. Huwezi kumwambia warudie. Na yote hii kwa kazi ambayo programu ya bure ingefanya.

Kwa hivyo pakua kutoka kwa tovuti ya wenye programu peke yake. Kuna tovuti zingine zimejaa vitufe vikubwa vya kijani vimeandikwa Download, na nusu yao ni matangazo. Angalia pia ukubwa. ImgBurn haifiki hata MB 10. Ukiona "ImgBurn" ya MB 300, hiyo imebeba abiria wengine. Kama unapakulia kwa saiba pale Kitale ukitumia flashi, ukifika nyumbani ipitishe kwa antivairasi kabla ya kufungua.

"Bure" sio moja

Nilisema nitarudi hapa. Programu ikiwa bure, haimaanishi iko bure kwa kila kitu. Kuna ya bure kwa nyumbani tu, kama BurnAware Free. Ukichomea shosho diski, sawa. Ukiweka bango nje "Tunachoma CD na DVD" na watu wanalipa, umeshaingia biashara, na masharti yanasema utafute toleo la kulipia. Kuna ya bure hata kwa biashara, kama CDBurnerXP. Na kuna za chanzo huria, kama InfraRecorder, DVDStyler na K3b, ambazo unaeza tumia kazini, ukaweka kwa kompyuta kumi, ukampa na jirani, bila kuvunja masharti ya mtu.

Kama hii ndio wera yako, chagua kwa kundi la pili na la tatu. Kesho biashara ikikua na upate kioski pale soko, hutakua na kitu cha kuficha.

Venye unachoma bila stress

Moja, kusanya faili zote kwa folda moja ndani ya laptopu. Usichome moja kwa moja kutoka kwa flashi. Flashi ikichelewa kidogo ama ikitikiswa, diski inaeza kuharibika katikati.

Mbili, itisha nyimbo safi. Kama studio iko na WAV, chukua WAV. Ikikosekana, MP3 ya 320. Nyimbo iliyopitia WhatsApp mara tano haitapona kwa kuwekwa kwa CD. Itakua tu nyimbo mbaya kwa diski mpya.

Tatu, punguza kasi. Programu itataka kuchoma CD kwa 52x juu inaonekana kubwa. Weka 16x. CD iliyojaa itachukua dakika tano sita hivi. DVD weka 8x, kama dakika saba nane. Diski za bei ya chini zikichomwa kwa kasi ya juu hutoka na makosa mengi, na deki kuukuu ndio hulipia.

Nne, hakikisha umefunga diski. Kwa skrini utaona neno Finalize ama Close disc. Diski ambayo haijafungwa inaeza soma kwa laptopu yako tu na kukataa kila mahali. Kesi nyingi za "kwako ilicheza, kwangu imekataa" huanzia hapa.

Tano, weka tiki kwa Verify. Programu itasoma diski baada ya kuchoma na kulinganisha na faili zako. Inaongeza dakika kadhaa, lakini ni afadhali kompyuta ikwambie diski ni mbovu kuliko mwalimu wa kwaya akwambie.

Sita, usiguse laptopu ikichoma. Wacha Facebook, wacha movie. Na cheki betri. Huku kwetu mvua ikitoka Mlima Elgon na upepo, stima inaenda bila kuaga. Laptopu yenye betri nzima itamaliza kazi. Kompyuta ya mezani bila UPS itakuachia diski ya kutishia ndege shambani.

Saba, na hii ndio ya dhahabu: choma moja tu kwanza. Ichukue mpaka kwa deki mbaya kabisa unayojua mtaani, ile ya kupigwa kofi ndio ianze. Ikicheza hapo, itacheza kila mahali. Sasa endelea na 99 zilizobaki.

Video ni ya GB nane? Usiifinye mpaka sura za watu zionekane kama mahindi ya kuchemsha. DVD ya kawaida inabeba karibu masaa mawili kwa picha nzuri. Harusi ya masaa manne, weka kwa diski mbili. Na kama unaweka faili moja kubwa kupita GB 4 kwa diski ya data, chagua mfumo wa UDF kwa programu yako, juu ule wa ISO9660 kwa kawaida hauibebi.

Cha nani unachoma?

Kuchoma kazi yako, ama kazi ya mtu amekutuma, hakuna shida. Kuchoma albamu ya msanii mwingine na kuiuza stendi ya Kitale, hiyo ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na bodi ya KECOBO ndio inasimamia hayo mambo. Kwa miaka mingi CD ya halali imejulikana kwa stika ya hiyo bodi. Na ukifikiria, yule msanii wa Bungoma aliyelipa studio, akalipa wapiga gita, akalipa kameramani, anakula wapi kama nakala yako ya bob hamsini ndio inauzwa?

Kwa kwaya na wasanii wa hapa: KECOBO inasajili kazi za watu, hata kwa mtandao. Fanya hiyo kabla ya kutoa CD ya kwanza, si baada ya kusikia wimbo wako kwa mat na hujui nani ameuweka.

Diski ikishatoka

Watu huogopa kukwaruza upande unaong'aa. Kwa CD, upande hatari zaidi ni ule wa juu wenye maandishi. Data iko chini tu ya ile rangi. Ukikwaruza hapo na kalamu ya chuma, imeisha. Andika na kalamu laini ya kuandikia CD. Stika za karatasi kwa DVD ziwache, zinafanya diski izunguke ikiyumba. Kupangusa, tumia kitambaa laini ukianzia katikati ukienda nje, si kuzungusha kama unaosha sahani. Na usiache diski kwa dashibodi ya gari, jua la saa saba litaimaliza.

Halafu kuna kitu kikubwa kuliko biashara. Huku kwetu kuna vitu ambavyo havitarudi. Kila Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, Wabukusu wanapotahirisha, kijana hupita akipiga chinyimba na watu nyuma yake wakiimba nyimbo ambazo wazee ndio wanazijua vizuri. Wasabaoti wa huku mlimani nao wana zao. Kuna mtu alirekodi 2008, kuna mtu alirekodi 2012. Nyingi za hizo rekodi ziko kwa laptopu moja, ama kwa diski moja iliyokwaruzwa, na wazee walioimba wengine wameshalazwa.

CD-R haidumu milele. Rangi ya ndani huzeeka, haswa kwa joto na unyevu. Kwa hivyo kama uko na rekodi kama hizo, chukua jioni moja. Ingiza diski ya zamani, itoe iwe ISO na ImgBurn, ama na Brasero kama uko Linux. Weka nakala moja kwa laptopu, moja kwa hadi ya nje, na choma nyingine mpya ipelekwe kwa nyumba tofauti, tuseme kwa kukhu ama kwa binamu Kitale. Nyumba ikiungua ama laptopu ikiibwa, sauti ya mzee haitapotea nayo.

Kwa haraka, kama unataka jibu tu:

Diski moja ya faili ama picha: Windows yenyewe.
CD za kwaya, nyingi, za kuuza: CDBurnerXP.
Kutengeneza DVD ya harusi yenye menyu: DVDStyler.
Kuchoma DVD nyingi zinazofanana, ama kuokoa diski ya zamani: ImgBurn.
Laptopu ya Linux: K3b.
Laptopu imechoka: InfraRecorder.
Nero ya crack: rudisha flashi kwa mwenyewe.

Kama kuna msee wa kwaya yenu ama kameramani wa mtaa unamjua, mtumie hii leo, kabla hajanunua CD za Jumapili. Na wewe mwenye rekodi za Agosti za zamani, tafuta ile diski usiku wa leo na uone kama bado inafunguka.